Jibu: Tamasha la filamu za ulemavu Kampala, wahusika hawaji

Habari ndugu. Umesema ukumbi upo, filamu zipo, ila watu wenye ulemavu hawajitokezi. Angalia kwanza kamati: nani anachagua filamu? Kama hakuna hata mmoja mwenye ulemavu, tatizo liko hapo hapo. Oska Bright, tamasha la filamu la Brighton, Uingereza, inaongozwa na watu wenye ulemavu wa akili na usonji wenyewe. Wewe anzia NUDIPU, muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu Uganda, uliopo tangu 1987. Omba wajumbe wenye kura, si wageni wa heshima.

Kwetu viziwi walianza kuja tulipomwekea mkalimani taa yake ndogo, maana ukumbi ukiwa giza mikono yake haionekani kabisa. Tenga na nauli ya teksi: kiti cha magurudumu hakipandi bodaboda.