Mtoto wa London aliyepelekwa Kent: nani anawajibika?

Dada, umeuliza: mpwa wako yuko chini ya halmashauri ya London, wakampeleka kwa familia ya kulea huko Kent, kaunti jirani; akidhurika umpigie nani?

Pigia halmashauri ya Kent. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya 1989, kifungu cha 47, inaipa halmashauri ya eneo ambako mtoto anaishi au amekutwa jukumu la kuchunguza. Ukiona hatari ya papo hapo, piga namba ya dharura 999 kwanza.

Ila London haijanawa mikono. Mtoto bado ni wao: mpango wa malezi ni wao, gharama zao, na ofisa wao wa ustawi lazima amtembelee ndani ya wiki moja tangu apelekwe, kisha mwaka wa kwanza asikae zaidi ya wiki 6 bila kumwona. Tena walitakiwa kuijulisha Kent kwamba wamempeleka huko.

Mimi ningewaambia wote wawili, kwa maandishi, siku hiyohiyo. Simu huwa zinarushwa: “huyo si wetu, jaribu kule.” Ukiambiwa hivyo, andika jina la aliyepokea na saa.