Breki ya mbele inatetemesha hendo? Subiri kwanza kabla ya kununua diski

Kuna ugonjwa wa pikipiki ambao kila unayemuuliza anakupa jibu moja bila hata kuinama akaangalia, yaani ukisema tu nikishika breki ya mbele hendo inatetemeka, utaambiwa diski imepinda, kanunue nyingine. Mimi pikipiki zangu natengeneza mwenyewe na za washkaji pia naletewa, na mara nyingi nikikutana na hilo lalamiko shida nimeikuta kwenye shingo, yaani pale mbele ya fremu hendo inapozungukia, beringi za stelingi zimelegea na hakuna mtu amewahi kuzigusa tangu pikipiki itoke kiwandani.

Sasa kabla hujashika spana, panda kwanza. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, toka spidi ya kati halafu shika breki ya mbele taratibu, breki ya nyuma usiiguse, usikilizie mkono. Kama leva yenyewe inakudunda kwenye vidole, inasukuma inaachia, na mdundo unapungua kasi kadiri spidi inavyoshuka, hapo angalia diski, maana unene wake haulingani mzunguko mzima kwa hiyo pistoni za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinarudishwa nyuma kila diski inapozunguka na unazisikia mpaka kwenye leva. Lakini kama leva imetulia na hendo nzima ndiyo inacheza mbele nyuma, au unasikia "tok" moja ukishika na "tok" nyingine ukiachia, anza na shingo. (Kama pikipiki ina ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisigande ukishika breki, na umeikamata kwa nguvu kwenye kokoto, huo mdundo ni ABS inafanya kazi yake, acha kujipa presha.)

Kuna ile njia ya watu wengi, unakaza breki ya mbele ukiwa umesimama halafu unasukuma pikipiki mbele na nyuma. Siikatai ila inadanganya, kwa sababu pedi nazo zinacheza kidogo ndani ya kalipa na zinatoa mlio unaofanana kabisa, utafungua shingo bure. Ya uhakika ni kuinua gurudumu la mbele. Stendi ya kati, halafu jeki chini ya injini na kipande cha mbao juu yake, usiweke kwenye bomba la eksozi tafadhali, na hakikisha pikipiki haiwezi kudondoka maana unakwenda kuivuta. Kaa mbele yake, shika miguu ya shokapu chini kabisa karibu na ekseli, vuta na sukuma. Mwambie mwenzako aweke kidole pale shingo ya fremu inapokutana na ile sehemu inayoshika shokapu kwa chini. Akisikia mchezo kwenye kidole, ni beringi za stelingi. Kama pale pametulia ila shokapu yenyewe inacheza, bomba la ndani na la nje, basi ni bushi zake zimekwisha. Na kama ukishika tairi juu na chini ukalitikisa ndo linacheza peke yake, hizo ni beringi za gurudumu. Vitu vitatu tofauti na vyote ukiwa barabarani unavisikia karibu sawa.

Ukiwa hapohapo zungusha hendo pole pole toka kushoto mpaka kulia. Ikiteleza vizuri, kukaza tu kunatosha. Ikishika pale katikati kama imeingia kwenye kishimo, gololi za beringi zimeshachimba vikombe vyake, yaani zile ringi za chuma zinamotembelea, na hakuna kukaza kutakakosaidia, badilisha seti nzima na vikombe vyake, usichanganye mpya na za zamani hata kama zinaonekana nzima, na jaza grisi ya kutosha.

Kukaza ndipo watu wanapoharibu. Legeza nati kubwa ya juu, na zile bolti zinazobana shokapu kwa juu, halafu kaza nati ya mviringo iliyo chini yake kidogo kidogo huku unapima. Unataka mchezo uishe, basi. Ukisukuma hendo kidogo toka katikati inatakiwa ianguke yenyewe upande wowote, na angalia isiwe ni keboo ndiyo inaizuia. Ikibaki imeganda umezidisha, na hiyo ni mbaya kuliko kulegea kwa maoni yangu, maana pikipiki inaanza kuyumba yumba, kila saa unarekebisha mwelekeo, na hizo beringi mpya unaziua mapema.

Diski nayo usiisahau. Unene wa mwisho unaoruhusiwa mara nyingi umegongwa kwenye diski yenyewe, pima sehemu kadhaa kuzunguka, siyo moja. Kupinda kunapimwa kwa geji ya saa (ile yenye mshale kama saa), pikipiki nyingi kikomo ni kama 0.3 mm lakini fuata manual ya kwako. Na diski nyingi zinazoitwa zimepinda hazijapinda, ni mabaki ya pedi yamegandia sehemu moja, inatokea ukisimama umeikamata breki ikiwa bado ya moto sana. Isafishe kwa dawa ya kusafishia breki, siyo mafuta ya breki, ipige msasa kidogo, jaribu tena. Pini za kalipa zikiwa zimekauka, zisafishe na uweke grisi ya breki, siyo hii ya kawaida.

Kingine, haya mambo yanapenda kuja pamoja. Diski yenye kasoro ndogo ambayo shingo iliyokaza ingeivumilia, shingo ikilegea inakuwa tetemeko kubwa, ndiyo maana mimi naweka shingo sawa kwanza halafu naenda kujaribu barabarani kabla sijagusa hela ya diski. Na kama umefunga beringi mpya, ukitembea kilomita kama 500 inua gurudumu tena uvute shokapu, maana zikishajikalia vizuri huwa zinaacha nafasi kidogo na inabidi uguse ile nati tena.