Raila aliwahi kuwa mbunge wa Kibra?

Hapana ndugu, Raila alikuwa mbunge wa Lang'ata, Nairobi, 1992 mpaka 2013, watu huchanganya juu enzi hizo Kibra ilikuwa ndani ya Lang'ata. Katiba ya 2010 ilipoongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290 ndio mipaka ikachorwa upya, Kibra ikapata kiti chake na wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley. Mbunge wa kwanza akawa Ken Okoth, 2013, akarudi 2017, akafariki Julai 2019 (huyo bado namkumbuka kwa heshima, alijali masomo ya watoto sana). Uchaguzi mdogo wa Novemba mwaka huo ndugu yake Imran akachukua kwa kura 24,636, Mariga yule mwanasoka akapata 11,230.