Mimba ya pili, wiki 37, na tumbo bado liko juu

Swali: Shikamoo mama mkunga. Niko kijijini huku Tandahimba, nina mimba ya pili, wiki ya 37. Mimba ya kwanza tumbo lilishuka wiki tatu kabla sijajifungua, nikawa napumua vizuri. Nilijifungua kawaida. Safari hii bado liko juu. Wiki ya 30 niliambiwa mtoto ametanguliza matako. Juzi kliniki nesi kasema kichwa kimekuja chini, lakini kwenye kadi kaandika 4/5. Mama mkwe anasema mtoto amekwama, twende kwa bibi mmoja hapa jirani achue tumbo ili ashuke. Niende?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiende. Nitakueleza sababu kwa urefu, maana mama mkwe wako anakuhangaikia na anastahili kujibiwa vizuri.

Tuanze na hiyo 4/5. Kichwa cha mtoto tunakigawa mafungu matano, kila fungu ni kama upana wa kidole kimoja. Mkunga anaweka vidole juu kidogo ya mfupa wa kinena, anapapasa ni mafungu mangapi bado yako juu ya nyonga. 5/5 ni kichwa kinachoelea chote. 4/5 ni kwamba fungu moja limezama. Yakibaki mawili au pungufu, tunasema kichwa kimeingia kwenye nyonga. Kwa hiyo nesi hakuandika ugonjwa. Kaandika mahali kichwa kilipokuwa siku ile.

Na je, ulikwenda kukojoa kabla ya kupanda kitandani? Kibofu kimekaa mbele ya mji wa mimba, na kikijaa kinazuia kichwa kushuka. Siku ya kliniki anza chooni.

Mimba ya kwanza misuli ya tumbo ilikuwa haijawahi kunyooshwa. Iliubana mji wa mimba, ikakisukuma kichwa kwenye nyonga mapema, kama ilivyo kawaida kati ya wiki ya 36 na 38. Ndipo ukapumua, maana hadi wiki ya 36 mji wa mimba unafika chembe cha moyo na kubana mapafu. Sasa misuli hiyo imelegea. Mji wa mimba unainamia mbele, hakuna cha kukisukuma kichwa. Wanawake wengi wenye mimba ya pili na kuendelea, kichwa kinaingia uchungu ukishaanza. Nimepokea akina mama walioingia wodini na 4/5 wakajifungua salama siku hiyo hiyo.

Lililokuwa la kuangaliwa zaidi ni yale matako, na hilo mtoto amelimaliza mwenyewe. Wiki ya 28 karibu robo ya watoto wanakuwa wametanguliza matako; mimba ikitimia wanabaki 3 au 4 katika 100. Mji wa mimba umekaa kama kibuyu kilichopinduliwa, tumbo la kibuyu juu, shingo chini. Matako pamoja na miguu iliyokunjwa vinataka nafasi kubwa kuliko kichwa, basi mtoto akikua anapinduka afuate nafasi. Ukitaka kujua alivyolala, kichwa mkononi ni kigumu na cha mviringo kama nazi iliyofuliwa, ukikigusa huku kinadunda kule. Matako ni laini, yanakwenda na mwili mzima.

Wakati wewe unatazama tumbo kwa nje, kazi nyingine inafanyika ndani. Sehemu ya chini ya mji wa mimba, ambayo kabla ya mimba ilikuwa kama sentimita moja tu, inanyooka na kuwa nyembamba, hadi wakati wa uchungu inafika sentimita 8 hata 10. Shingo ya kizazi inalainika. Kule kukaza kwa tumbo kunakokuja na kuondoka bila mpangilio ni sehemu ya maandalizi hayo. Uchungu wenyewe ukianza, misuli ya juu inajikunja na kila mara inabaki fupi kidogo kuliko mwanzo, inaivuta sehemu ya chini juu ya kichwa, kama unavyovaa fulana yenye shingo ya kubana. Mtoto naye anaingia nyongani akitazama ubavuni, kisha anageuza uso kuelekea mgongo wako. Yote hayo hayahitaji mkono wa mtu kutoka nje.

Mkono huo ndio unaonitisha. Niliwahi kumpokea mama aliyechuliwa tumbo asubuhi. Alipofika kwetu tumbo lilikuwa gumu kama ubao, kondo la nyuma limeachia. Yeye tulimwokoa. Mtoto hatukumwahi. Kondo linaweza kuachia hata bila kuchuliwa, lakini kusukuma tumbo kwa nguvu ni njia mojawapo ya kuliachisha.

Kuna jambo moja kwako wewe mwenye kichwa cha juu: chupa ikipasuka, usisubiri uchungu. Kichwa kisipoziba njia, kamba ya kitovu inaweza kutangulia na maji, na hapo ni dakika zinazohesabika. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo damu ikitoka, hata bila maumivu, kwa sababu kondo lililokaa chini nalo hukizuia kichwa kushuka. Mtoto akipunguza kucheza, kichwa chako kikiuma sana au macho yakiona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Ongea na mumeo leo kuhusu nauli na bodaboda wa kuaminika, na kama kwenu ni mbali, hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali kabla wiki ya 38 haijaisha.

Kliniki ijayo nenda na mama mkwe. Mwombe nesi amwekee mkono juu kidogo ya kinena, akishike mwenyewe kichwa cha mjukuu wake.