Kabla ya kuhangaika na "th", shughulikia mkazo

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Montreal. Wengi wa wanafunzi wangu wamesoma kwa Kifaransa: wenyeji wa Quebec, Wakongo kutoka Bukavu, Warundi. Karibu wote huja wakilalamikia "th". Mfaransa wa Paris hutamka "think" kama "sink", mwenyeji wa Quebec kama "tink". Huwaambia waiweke kando kwanza, maana msikilizaji huelewa tu. Kinachomchanganya ni mkazo, yaani nguvu ya sauti inayowekwa kwenye silabi fulani.

Kifaransa hutupa mkazo mwishoni mwa fungu la maneno, silabi nyingine zikienda kwa uzito unaokaribiana. Mkazo wa Kiingereza huhamahama, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Ukitamka "development" kwa kukaza "ment", Mwingereza hubaki akilitafuta neno lenyewe. Kwa hiyo kila neno jipya unaloandika daftarini, pigia mstari silabi yenye mkazo. Ukisoma kwa sauti, gonga meza penye mstari, nyingine zipite haraka.

Herufi "h" ndiyo siisamehi, kwa kuwa Kifaransa hakiitamki: "hungry" ikikosa "h" inasikika "angry", na mwenye njaa anaonekana ana hasira. Aliyezoea Kiswahili sanifu ana bahati hapa. Anayo "h" ya hapa, "th" ya thelathini na "dh" ya dhahabu. Aitumie bila woga.

Wanaotoka kwenye Kiingereza kwenda Kifaransa nao huihofia "r", ilhali shida yao kubwa ni irabu. "Dessus" ni juu, "dessous" ni chini. Ghalani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua boksi liwekwe wapi. Tamka "i", ulimi usisogee, kisha viringa midomo kama unayepiga mluzi: umeipata "u" ya Kifaransa. Halafu zuia irabu zisiteleze. "O" ya Mwingereza huishia kwenye "u"; ya Kifaransa hutulia palepale, kama yetu.

Inaniuma sana kumwona muuguzi hodari akinyamaza kikaoni kwa kuogopa lafudhi yake. Lafudhi haihitaji kufutwa. Chagua maneno unayoyatumia kazini kila siku, jirekodi kwa simu ukiyasema ndani ya sentensi nzima, kisha mpe mwenzako asikilize bila kumwonyesha maandishi. Pale atakapokuuliza "umesema nini?" ndipo pa kuanzia mazoezi.