Mwenye Canon 4000D anayetaka flashi mbili na triga: usilipe kwanza

Usitume hiyo hela. Umeandika una Canon 4000D, unataka kuanza kupiga send-off na harusi kwa flashi mbili za kwenye stendi, na kuna mtu anakuuzia seti ya flashi mbili za Godox TT560 II pamoja na triga yake ndogo, yaani kile kifaa cha kuchomeka juu ya kamera kinachoziamuru flashi kuwaka kwa redio. Ukauliza pia habari za mwavuli, stendi na betri. Hayo yasubiri, maana triga hiyo ukiichomeka kwenye 4000D haitawasha flashi hata mara moja.

Angalia juu ya kamera yako, pale flashi inapochomekwa. Kamera nyingi za Canon zina pini tano pale: moja kubwa katikati, na nne ndogo nyuma yake. Ile kubwa ndiyo inayotoa amri ya flashi kuwaka, na ndiyo inayotumiwa na kila triga na flashi ya bei ya chini ya pini moja, ya kampuni yoyote. Kwenye 4000D Canon waliiondoa. 250D nayo haina. Mwenye 2000D naye asijiaminishe, aitazame ya kwake kwa macho yake. Zilizobaki ni zile nne ndogo, na hizo zinaongea lugha ya Canon yenyewe, ambayo triga ya pini moja haiijui. Kitako chake kina mguso mmoja tu, na mguso huo unakaa juu ya plastiki tupu. Ubonyeze shata mpaka kidole kiume, hakuna umeme unaopita.

Sasa sikiliza jinsi watu wanavyoibiwa mchana kweupe. Muuzaji anachomeka triga juu ya kamera yako, anaweka flashi mezani, anabonyeza kitufe cha TEST kwenye triga. Flashi inawaka, paa! "Umeona bosi? Inafanya kazi." Kitufe cha TEST hakipiti kwenye kamera kabisa. Kinathibitisha kwamba triga na flashi zinasikizana kwa redio, basi. Triga ungeiweka mfukoni ukabonyeza, flashi ingewaka vilevile. Mtu anayeuza vifaa vya picha kila siku hana udhuru wa kutolijua hili, na anayejua halafu akanyamaza ni mwizi. Wapo pia wa kwenye video wanaosema "triga yoyote inafaa kamera yoyote" huku wameshika kamera yenye pini ya katikati. Hao wamewaingiza hasara vijana wengi kuliko wauzaji.

Na asikuuzie adapta. Adapta ya waya inayochomekwa palepale juu inategemea pini ileile isiyokuwepo, na 4000D haina tundu lingine la waya wa flashi.

Kwa hiyo shika hili: triga ndiyo inayonunuliwa kwanza, tena kwa kuipima kwenye kamera yako mwenyewe. Flashi zinafuata triga. Kwa 4000D unatafuta triga ya Canon yenye pini zote, mfano Godox X2T-C au XPro-C. Herufi ya mwisho ni ya kamera: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony. Iwe na programu ya karibuni, kwa sababu Godox walilazimika kuirekebisha ili ziweze kuzielewa kamera hizi zisizo na pini. Ikigoma, programu inasasishwa kwa waya wa USB na kompyuta. Mwambie muuzaji aisasishe mbele yako kabla hujalipa.

Ukishapata triga, flashi ya bei nafuu ni Godox TT600. Nguvu yake unaipanga mwenyewe kwa mkono, inatumia betri nne za AA, na ina kipokezi cha redio ndani. Ikiwa kwenye stendi haigusi kamera, hivyo suala la pini haliihusu. Usiichomeke juu ya 4000D tu, huko nayo itakaa bubu. Ukitaka flashi ya kutembea nayo juu ya kamera, hiyo ni TT685 II ya C, na bei inapanda.

Usidanganywe na neno Godox kwenye boksi. TT560 II inatumia redio ya 433 MHz. X2T na XPro zinatumia 2.4 GHz. Hata ukinunua triga sahihi baadaye, hizo TT560 II hazitaisikia. V850 ya kwanza, ile isiyo na II, nayo haina kipokezi cha 2.4 GHz ndani, na za mitumba kama hizo zipo nyingi.

Kuna atakayekwambia utumie jicho, yaani S1 au S2, flashi iwake ikiona mwanga wa flashi nyingine. Ukumbini kila mgeni na kila mpiga picha mwenzako atakuwa anawasha flashi zako, na wewe ukibonyeza zitakuwa bado zinajichaji. Nje kwenye jua kali jicho halioni kitu.

Jaribio la dukani lifanye hivi. Kamera kwenye M, shata 1/160, f/8, ISO 100. Weka triga na flashi kwenye chaneli moja, flashi kwenye kundi A, na ID (namba ya utambulisho ya seti yako) iwe sawa kwenye vyote. Usiguse TEST. Bonyeza shata ya kamera, mara kumi mfululizo, nguvu ikiwa 1/16. Zote kumi ziwake na mwanga uonekane kwenye picha. Shusha nguvu kutoka kwenye triga mpaka 1/128, picha ifuate kwa kuwa nyeusi zaidi. Kisha washa HSS, ile ya kutumia flashi kwa shata ya kasi kubwa, peleka shata 1/1000: ukiona mstari mweusi au picha nyeusi yote, bado hamjamaliza. Mwisho sogeza flashi karibu, chini ya mita moja. Redio hizi wakati mwingine hugoma kwa karibu. Kwenye triga kuna mpangilio wa umbali wa mita 0 hadi 30, uchague huo.

ID nayo usiiache ilivyotoka kiwandani. Kumbi za harusi siku hizi zina Godox kila kona, na mwenzako akiwa kwenye chaneli yako atawasha taa zako usiku kucha. Chagua namba isiyo ya kawaida kati ya 01 na 99, uiweke sawa kwenye triga na kwenye flashi zote mbili.

Kama muuzaji anakataa jaribio hilo kwa kamera yako, ondoka. Na kama hela haitoshi triga ya pini zote pamoja na flashi mbili, nunua triga na flashi moja. Au tafuta 1300D au 700D ya mitumba, hizo pini ya katikati zinayo.

Piga picha ya juu ya kamera yako na ya kitako cha hiyo triga, uziweke hapa leo, tuzitazame kabla hujamjibu huyo jamaa.