Stata ya lori ikigoma, pima nyaya kwanza

Kuna kipindi nilikuwa naegesha lori langu mteremkoni tu. Ndiyo ilikuwa stata yangu: naachia breki, lori linashuka, naweka gia ya pili, naachia klachi, injini inakohoa mara mbili inawaka. Mahali pa tambarare sikuthubutu kuizima hata nikishuka kula. Na cha kuudhi, stata nilikuwa nimeshaibadilisha, mpya kabisa, na ugonjwa ukabaki palepale. Nilisikia "tak", nikaamua stata imekufa, nikanunua nyingine. Sikupima kitu.

Miaka baadaye stata ya lori hilohilo ilikufa kweli, na kwa mtu aliyeshika ufunguo dalili zilikuwa karibu zilezile. Tofauti ilionekana kwenye mita.

Anza na masikio. Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka kama cherehani, betri imeishiwa au tamino (kishikio cha waya kwenye betri) imelegea: solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. "Tak" moja nzito halafu kimya, hapo kesi iko wazi bado, inaweza kuwa nyaya, solenoidi au mota yenyewe. Kimya kabisa bila hata tak, usiingie uvunguni. Angalia kwanza fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Stata ikilia yenyewe kwa kasi huku injini imetulia, bendiksi, yaani gia ndogo ya stata inayosukuma injini, inateleza. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni meno, na hilo nitalirudia.

Kisha washa taa kubwa za mbele, mtu awashe injini huku wewe unaziangalia. Zikififia hadi kubaki nyekundu, ama betri ni dhaifu ama stata imekwama na inanyonya umeme bila kuzunguka. Zikibaki kali vilevile na injini haigeuki, umeme hauingii kwenye mota.

Mimi hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Taa zinawaka vizuri, nikasema betri nzima, nyaya nzima, basi ni stata. Fundi mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Mwanangu, taa inakunywa kwa kikombe. Stata inakunywa kwa ndoo." Stata ya lori inavuta mamia ya ampea. Chukua ampea 300 zipite kwenye kiungo cha waya chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kitu ambacho taa haitakisikia kamwe: volti 3 zimepotea hapohapo kwenye kutu.

Lori langu ni la volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfuatano. Zikiwa zimejaa na zimepumzika, zinasoma kama 25.2 kwa pamoja. Kwa gari la volti 12 ni 12.6. Pima pia kila betri peke yake, maana moja ikiwa mbovu inaiponza mwenzake. Wakati wa kuwasha zitashuka, ni kawaida, ila zikianguka chini ya 19 hivi (au 9.6 kwa betri moja), malizana na betri kwanza.

Betri zikiwa nzima, fuata nyaya. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, mahali palipokwanguliwa rangi, kisha utingo azungushe ufunguo. Nusu volti inavumilika. Mimi nilisoma volti 6. Mkanda wa hasi unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye injini ulikuwa mzima kwa macho, lakini nilipochana ganda lake nyuzi za shaba zilikuwa unga wa kijani. Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka kwenye nguzo ya betri hadi kwenye nati kubwa ya stata. Vipimo vyote hivi vinafanyika gia ikiwa huru, breki ya mkono imevutwa, na hakuna mtu mbele wala nyuma ya magurudumu.

Mara ya pili nyaya zilikuwa safi. Nati kubwa ya solenoidi ilisoma volti zote ufunguo ukiwa umezungushwa. Nikasogeza ncha ya mita hadi kwenye ile nati ya pili, ambapo waya mfupi unatoka kwenye solenoidi kuingia ndani ya mota. Napo volti zote zipo, na mota imelala. Kama pale pangekuwa hakuna kitu, ningesema vidole vya shaba ndani ya solenoidi vimeliwa. Umeme unafika mlangoni, mwenye nyumba haamki: makaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, yamekwisha. Nikagonga mwili wa stata kwa mpini wa nyundo, utingo akiwa ameshika ufunguo, na injini ikawaka. Ujanja huo ulinipa siku tatu. Siku ya nne hata nyundo ilikataa.

Kuitoa si kazi ngumu, ila ni kazi nzito. Chomoa kwanza hasi ya betri, ile inayokwenda kwenye chesisi. Waya mkubwa wa stata una umeme muda wote, ufunguo uwepo usiwepo. Mimi niliwahi kuona nitachukua dakika mbili tu, spana ikagusa nati kubwa ya stata na chesisi kwa pamoja. Mpaka leo ina kovu jeusi lililoyeyuka, na ningekuwa nimevaa pete labda ningekuwa nayo hadithi nyingine. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzifungua. Weka gogo au jeki chini ya stata kabla ya kutoa bolti ya mwisho, maana stata ya lori ikikudondokea kifuani ukiwa umelala chali, hutaisahau. Ukikuta shimu, kibati chembamba kati ya stata na injini, itunze na uirudishe.

Stata ikishatoka, usikimbilie kurudisha nyingine. Zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya kranki, na kwa tochi tazama meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo stata hulizungusha, kupitia tundu la stata, mzunguko mzima. Injini huzimikia sehemu zilezile: ya silinda sita ina sehemu tatu, ya silinda nne ina mbili, na ndiko meno yanakoliwa. Meno yakiwa mabovu, stata mpya itaharibika nayo.

Linganisha stata mbili zikiwa mezani: idadi ya meno ya bendiksi, matundu ya bolti, volti, na upande inaozungukia. Jaribu mpya kwa nyaya za betri kabla ya kuifunga, lakini ikanyage kwa mguu au ibane kwenye jiliwa, maana inaruka. Piga msasa uso wa chuma inapokalia, kwa sababu hasi yake inapita hapo. Rangi na grisi hapo zinakurudisha kwenye tak. Hasi ya betri inarudi mwisho.

Ile iliyokufa niliifungua kwa udadisi. Makaboni yalikuwa yamebaki kama kucha, springi zimefika mwisho, na ndani kumejaa unga mweusi uliolowa oili. Oili hiyo ilitoka kwenye kifuniko cha valvu kilichokuwa kinavuja juu yake, nami nilikuwa nakitazama kila wiki nikisema kinavuja kidogo tu. Amecha, sehemu ya mota inayozunguka, ilikuwa nzima. Nikaweka makaboni mapya na bushi mpya, nikaisafisha, na sasa ndiyo ya akiba. Gasketi ya valvu niliibadilisha jioni ileile.